Hopsi za Baba

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kwa muda mrefu. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeoa. Sijaacha, wala sijaoa. Kuna jambo nilitaka kuwasimulia tangu niliporudi nyumbani, ila kila nikikaa nalo simu ya mhariri inaita. Leo ni Jumapili na simu nimeizima. Haya, vuteni viti.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia kwa miaka 27. Hakuwa ofisini, wala kwenye magari ya kusambaza. Alikuwa jikoni, pale ambapo maji ya kimea cha shayiri yanachemshwa kwenye mapipa makubwa kabla ya kutiwa hamira. Nilipokuwa mdogo alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku na harufu fulani mwilini: majani mabichi, ganda la ndimu, na kitu kingine kichungu ambacho sikuwa na jina lake. Mama alifua zile ovaroli mara mbili mbili na harufu ikabaki. Mimi nilidhani akina baba wote wananuka hivyo. Nilipoanza kwenda kucheza kwa wenzangu ndipo nikajua kwamba ni wa kwangu tu.

Ile ilikuwa harufu ya hopsi.

Wengi wetu tunakunywa bia na hatujui tunakunywa nini. Ni vitu vinne: maji, kimea, hamira na hopsi. Kimea ndicho chenye sukari, hamira inaigeuza sukari kuwa pombe, na hopsi inaleta ule uchungu unaokufanya usichoke utamu, inaleta harufu, na inazuia baadhi ya bakteria wanaochachusha bia. Kiwandani kwa akina Baba hopsi zilifika kutoka nje ya nchi zikiwa zimesagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vya kijani, ukiviona utasema ni chakula cha sungura, ndani ya mifuko ya foili iliyotolewa hewa. Baba anakata mfuko, anapima, anamimina. Miaka 27 anakata, anapima, anamimina. Mmea wenyewe hakuwahi kuuona.

Mwaka 2023 nikapata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja, katika mji wa Canterbury, jimbo la Kent. Baba alinisindikiza hadi stendi ya mabasi Moshi. Watu wengine wanaagwa kwa sala na machozi. Mimi niliagwa kwa kazi.

"Huko unakokwenda ndiko zinakolimwa hopsi," akaniambia. "Nitazamie huo mmea. Usiniletee picha ya kwenye intaneti, hiyo hata mimi naweza kuifungua. Utazame kwa macho yako, uniambie ukoje."

Nikaitikia "sawa Baba" kama mtu anayeambiwa anunue sabuni njiani.

*

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, ana karibu miaka 80. Nyuma ya nyumba yake kuna bustani ndefu na nyembamba, na mwisho wa bustani kuna ukuta wa matofali. Wiki yangu ya kwanza, Septemba, nilitoka kuanika nguo nikaona ukuta umefunikwa na mmea unaotambaa. Majani yake yamechanika kama ya mpasheni lakini yana ukavu wa msasa. Katikati ya majani kumening'inia vitu vya kijani kibichi, vyepesi kama karatasi, magamba juu ya magamba, kama koni ndogo za msonobari. Nikajua ni gugu.

Yule mama akanikuta nashangaa. Akachuma koni moja, akaipasua kwa kidole gumba, akanipa ninuse.

Jamani. Nilisimama na nguo mbichi mkononi, kilomita maelfu kutoka Moshi, na Baba akawa yupo pale uani. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani dakika kadhaa kabla sijaweza kuanika zile nguo.

Jioni nikampigia. "Baba, shikamoo. Nimeuona."

"Marahaba. Ukoje?"

Nikajaribu kueleza. Unatambaa. Una koni. Akauliza unene wa shina, akauliza una miiba au hauna, akauliza mizizi inakwenda kina gani. Sikujua hata moja. Akasema, "Sasa wewe ni mwandishi wa habari au mpita njia?"

Hapo ndipo nilipoanza kuusoma ule mmea kama mtu mwenye mtihani.

*

Kwanza, ni mmea wa mahali pale hasa. Kent ndiyo iliyokuwa bustani ya hopsi ya Uingereza. Kilimo chake kilishika mizizi huko katika karne ya 16, baada ya bia ya hopsi kuvuka bahari kutoka nchi za Uholanzi na Ubelgiji ya leo. Ukipanda basi kwenda vijijini unaona majengo ya duara yenye paa refu lililochongoka na kofia nyeupe juu. Yalikuwa majiko ya kukaushia hopsi. Kofia zile ziligeuka na upepo ili mvuke utoke. Mengi sasa ni nyumba za kuishi, na bei zake usiulize.

Mama mwenye nyumba yeye si mzaliwa wa Kent. Alizaliwa mashariki ya London, familia ya maskini. Kila Septemba mama yake alifunga sufuria na blanketi, wakapanda treni na watoto wote kwenda kuchuma hopsi kwa wiki kadhaa. Ndiyo ilikuwa likizo yao, na ndiyo ilikuwa ada ya viatu vya majira ya baridi. Walilipwa kwa kipimo cha kapu. Halafu zikaja mashine katika miaka ya 1950 na 1960, na treni zile za wachumaji zikakoma.

Nikamwambia kwetu Kilimanjaro tulichuma kahawa hivyo hivyo, kwa debe, watoto wote, na kuna jirani alijaza majani chini ya debe. Akacheka sana. Kumbe na kwao walikuwapo.

Jambo la pili aliloniambia lilinigusa zaidi. Kabla ya hopsi kufika, Waingereza walikuwa na pombe yao isiyo na hopsi, nao wakitia mimea mingine ya kwao. Wengine walichukia hopsi wakaiona kitu cha kigeni. Nami nikamkumbuka bibi mzaa Baba. Bibi alikuwa akipika mbege: ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, halafu inakuja ulezi uliooteshwa kuwa kimea, ukasagwa na kupikwa uji. Na ili mbege isiwe tamu ya kitoto, kuna gome la mti uitwao msesewe. Ni chungu. Ni hopsi ya Wachaga, kama Waethiopia nao walivyo na gesho yao.

Kwa mbege ile bibi alimsomesha Baba. Naye Baba akaenda kupika bia ili anisomeshe mimi. Kwenye fomu za shule, mahali pa kazi ya mzazi, nilikuwa naandika "mfanyakazi". Familia yetu ni ya kanisani sana, na tulijifunza mapema kwamba ada ya shule hailizwi imetoka wapi. Nimehoji mawaziri, wavuvi, na mtu aliyeumwa na mamba akapona. Baba yangu sikuwahi kumuuliza hata siku moja kazi yake ikoje.

*

Novemba mmea ukafa. Majani yakakauka, mashina yakawa kama kamba zilizosahaulika, mama mwenye nyumba akayakata yote chini. Nikampa pole. Akaniangalia kama mtoto.

Kumbe haujafa. Hopsi hufa juu tu. Chini ya udongo kuna shina lenyewe, limelala, na linaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Kila mwaka linatoa mashina mapya, yanapanda mita 5 au 6, yanazaa, yanakufa. Wakati wa ubaridi mmea unapumzika tu.

Mwezi Machi, kabla machipukizi hayajatokeza, akaniita na koleo. "Unataka wa kwako?"

Ndugu msomaji, hapa nitaeleza taratibu, maana Baba alinirudisha nyuma mara tatu kwenye sehemu hii.

Hopsi haipandwi kwa mbegu, labda uwe mtafiti anayetafuta aina mpya. Sababu ni kama ya mpapai: kuna dume na kuna jike, na jike ndilo lenye koni. Ukipanda mbegu hujui utapata nini, na hata ukipata jike halitafanana na mama yake. Kwa hiyo unachukua kipande cha mmea wenyewe, uliyemjua tabia.

Njia ya kwanza ni kipande cha shina la chini ya ardhi. Unachimbua pembeni mwa mmea uliokomaa, miaka 3 au zaidi, unakuta mashina yamesambaa kama tangawizi ndefu. Unakata urefu wa kiganja hivi, sentimita 15 hadi 20, na lazima kipande kiwe na macho mawili au matatu yanayotaka kuchipua. Unakizika kwa kukilaza, kina cha sentimita 5 tu, kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji. Mmea hadi mmea unaacha kama mita moja.

Njia ya pili ni ya Mei. Unachukua ncha changa za shina, kipande chenye vifundo viwili, unakata chini kidogo ya kifundo, unaondoa majani ya chini, unakichomeka kwenye mchanga na mboji yenye unyevu, unafunika na mfuko wa plastiki. Baada ya wiki 2 au 3 mizizi imetoka. Kama umewahi kupanda marando ya viazi vitamu, kazi unaijua.

Njia ya tatu ni ya mvivu. Shina refu unalilaza chini, unafukia sehemu yake kwa udongo, unaliacha liote mizizi likiwa bado linanyonya kwa mama. Msimu ukiisha unalikata.

Nilizika vipande vitatu chini ya uzio wa mbao upande wa jua. Kimoja kilioza, kwa sababu nilikuwa nakimwagilia kila asubuhi kwa mapenzi. Viwili vikachipua mwezi Aprili, zambarau, vinono, kama vidole vinavyotoka ardhini. Machipukizi ya kwanza ya mmea mkubwa mama mwenye nyumba aliyakata akayakaanga na siagi. Ni mboga, tena nzuri. Nilikula huku nawaza tui la nazi.

*

Mei nikafunga kamba kutoka ardhini hadi kwenye ndoano juu ya ukuta. Kila kamba inapewa mashina mawili au matatu yenye nguvu, mengine yote unayakata, hata kama roho inauma. Nikayazungusha kwenye kamba kwa ustadi wote wa mtoto wa kihamba, kama tulivyokuwa tunayazungusha maharage ya bibi kwenye mabua ya mahindi.

Asubuhi yamejifungua yote. Yamening'inia hewani yananitazama.

Nikayazungusha tena. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikadhani ni paka wa jirani. Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani na kikombe cha chai, amestarehe, ananiangalia tu. Hatimaye akatoka akanionyesha. Hopsi inajizungusha upande mmoja tu: ukiitazama kutoka juu, inafuata mwendo wa mishale ya saa. Maharage yanakwenda kinyume chake. Nilikuwa nailazimisha hopsi iwe maharage.

Nilipomsimulia Baba alicheka mpaka akakohoa. Akamwita Mama aje asikie.

Baada ya hapo mmea ukashika kasi ya ajabu. Hauna vikonyo vya kushikia kama zabibu. Una vinywele vigumu vilivyopinda, ndivyo vinavyong'ang'ania kamba (na ngozi yako, vaa mikono mirefu). Siku moja ya joto mwezi Juni nilipima kwa rula asubuhi na asubuhi yake: sentimita 17. Nikampelekea Baba picha. Jirani yetu mmoja aliyekuwa ameketi naye akauliza kama mtoto amepelekwa Ulaya kulima bangi. Si swali la kijinga sana, maana hopsi na bangi ni ukoo mmoja kabisa kibotania. Baba ilibidi atoe semina.

Matatizo yalikuwepo. Mama mwenye nyumba ana mplamu karibu na ukuta, na kuna vidukari wanaokaa kwenye miti ya jamii hiyo wakati wa baridi kisha wanahamia kwenye hopsi kiangazi. Walikuja kwa maelfu. Hakutaka dawa, alisubiri wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waje wawale, na kweli wakaja. Ukungu nao unapenda majani ya chini yenye unyevu, hivyo mmea ukishapanda unayaondoa majani yote ya mita moja ya chini ili hewa ipite.

*

Julai Baba akasema neno nililokuwa naliogopa.

"Ukirudi niletee kipande. Kile cha macho matatu. Unakifunga kwenye gazeti lenye unyevu, unaweka katikati ya nguo. Nani ataona?"

Nikamweleza kwamba kuingiza mmea nchini kunataka kibali, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule unakotoka. Akasema, "Kahawa ililetwa hapa Kilimanjaro na wamisionari. Nani alimwomba nani kibali?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini niliwahi kuandika habari za viwavijeshi vamizi. Waliripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa kwenye mahindi yetu. Nimesimama shambani na mama anayelia. Mnyauko wa migomba nao ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na tunajua kihamba bila mgomba ni kitu gani. Hopsi za Kent zina mnyauko wao pia, unakaa kwenye udongo miaka mingi na unasafiri ndani ya vipande vile vile vya kupandia. Nikamwambia Baba siwezi.

Na hata ningeweza, nikamwambia, hautazaa. Canterbury mwezi Juni jua linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na linazama baada ya saa 3 usiku. Saa 16 na nusu za mwanga. Mmea unatumia siku hizo ndefu kurefuka, na siku zikianza kupungua unajua wakati wa maua umefika. Moshi ni saa 12 mwaka mzima. Ungechanganyikiwa. Ungetoa maua ukiwa bado mfupi, koni chache, na usingepata baridi ya kulala. Hata Afrika Kusini, kule George ambako wanalima hopsi, siku za kiangazi hazikutosha; walianza kwa kuwasha taa mashambani, hadi walipozalisha aina zao zinazovumilia.

"Basi tutawasha taa," akasema.

"Na bili ya umeme, Baba?"

Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sawa, mwandishi." Baba huniita mwandishi akiwa amechukia. Wiki tatu hakuuliza habari za hopsi. Aliuliza habari za masomo, na chakula, na kama navaa soksi.

Nilikuwa na haki, na sikuwa na raha. Mtu ameomba kitu kimoja katika maisha yake.

*

Wiki ya kwanza ya Septemba 2024, siku chache kabla sijarudi, koni zikakomaa. Unajua zimekomaa kwa kuzibonyeza: hazibaki zimebonyea, zinarudi, na zinatoa mlio wa karatasi kavu. Mmea wa mwaka wa kwanza hauzai sana kwa kuwa unajenga mizizi. Vyangu viwili vilinipa bakuli moja. Nikazianika kwenye wavu wa dirisha darini, penye joto na hewa, maana zaidi ya robo tatu ya uzito wa koni mbichi ni maji na usipozikausha haraka zinaoza. Lakini nilibakiza moja mbichi, nikampigia Baba kwa video.

Akakaa vizuri. Akavaa miwani.

"Ipasue katikati. Taratibu. Sasa nionyeshe ndani. Kuna unga?"

"Upo."

"Wa njano?"

"Wa njano."

"Unanata?"

"Unanata."

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akavua miwani akafumba macho. "Hebu nuse uniambie, na mimi nitakwambia."

Nikanusa. Nikasema majani. Akasema, halafu ndimu. Nikasema, ndiyo, halafu ndimu. Akasema, subiri, ukiisugua itakuja kama kitunguu kidogo na udongo wa mvua. Nikaisugua. Ikaja.

Halafu akaanza kusema, bila mimi kuuliza. Kwamba ukizitia mwanzo wa kuchemsha unapata uchungu, lakini harufu inapaa na mvuke. Ukizitia mwishoni harufu inabaki, uchungu haupo. Kwamba uchungu hautoki hadi uchemke, mtu anaweza kuzilowesha kwenye maji ya baridi siku nzima na asipate kitu. Kwamba kuna usiku, mwaka wake wa tatu kazini, pipa lilifurika kwa sababu alisinzia, akatoa povu sakafuni hadi alfajiri peke yake ili msimamizi asijue, kwa kuwa Mama alikuwa na mimba yangu na hakuweza kupoteza kazi. Tuliongea saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa na daftari pembeni, nikaona aibu kulifungua.

Koni zilizokauka nilimwachia mama mwenye nyumba. Mimea yangu miwili ipo kwake mpaka leo.

*

Niliporudi, Baba hakugusia kipande. Jumamosi ya kwanza akaniambia twende kijijini.

Msesewe wa bibi ulikuwa kando ya mfereji, chini ya kihamba. Tulikuta kisiki. Baba mdogo aliuuza mbao baada ya bibi kufariki. Alihitaji fedha, na hakuna aliyekuwa akipika mbege tena nyumbani. Jirani anayepika aliniambia siku hizi gome ananunua sokoni, vipande vilivyofungwa, na hajui mti umesimama wapi.

Baba akazunguka kile kisiki mara mbili. Akateremka hadi mfereji, mtu wa zaidi ya miaka 60, akapiga magoti kwenye tope. Msesewe unapenda maji, na chini ya majani makavu palikuwa na miche iliyojiotea. Unaitambua kwa majani: hayakai mawili mawili, yanakaa kwa duara, matatu au manne kwenye kifundo kimoja.

"Huu una kibali?" akaniuliza.

Nikamwambia huu hauhitaji, ni wa kwao.

Tukaung'oa na udongo wake, tukauweka kwenye ndoo ya rangi tuliyotoboa chini. Nilitaka kuumwagilia. Akanishika mkono: "Wewe ndiye uliyeozesha kile kimoja. Acha."

Yapo ya kuangalia. Gome la msesewe si la kuchezea, linatiwa kidogo tu. Mti huu ni ndugu wa mmea wa Kihindi uliotoa dawa ya zamani ya shinikizo la damu, reserpine, na wapishi wa zamani walijua kipimo chao. Wala gome halibanduliwi kuzunguka shina lote, maana mti unakufa. Bibi alikuwa akibandua kipande upande mmoja, anaupumzisha. Haya Baba anayajua. Aliyajua muda wote, kabla ya kiwanda.

Sasa mche upo uani Moshi, karibu na bomba. Baba anaupima kwa rula yangu ya shule na ananitumia vipimo kila Jumamosi. Haukui sentimita 17 kwa siku. Wiki nyingine haukui kabisa. Jana ametuma picha na maneno machache: "Umetoa duara jingine. Huu hauhitaji kamba."

Kama kuna msomaji kutoka Machame, Marangu, Kibosho au popote mlimani ambaye kwao msesewe bado umesimama, na anajua mbegu zake huoteshwa vipi, tafadhali aniandikie. Si mimi ninayeuliza. Baba anataka wa pili, na ameshanunua ndoo.